Afya ya Jamaa: Meno ya Juu Yakitangulia Mbele



Juma hili tunajibu barua ya baba mmoja wa jamaa. Ameandika hivi: «Binti yangu ana miaka 11. Meno yake mawili ya juu yametokeza mbele, hata midomo haifungi vizuri. Wenzake shuleni wamempa jina la mnyama. Zamani aliimba katika kwaya ya watoto. Sasa huziba kinywa kwa mkono, wala hataki kuimba tena. Jirani ameniambia: Mpeleke dispensari wamng'oe hayo mawili, na neno litakwisha. Mama yake analia, hataki. Nifanye nini?»

Baba mpenzi, jibu letu la kwanza ni fupi: usimng'oe. Meno hayo ni mazima, na tena ni meno ya utu uzima. Yakiisha kung'olewa hayaoti mengine. Mtoto wako atakaa na pengo maisha yake yote, na mfupa wa taya mahali pale utapungua. Mama yake ana haki. Lakini kukataa kung'oa peke yake si dawa, na kilio cha mtoto kingali pale pale. Basi tulitazame neno hili tangu mwanzo, kwa faida ya jamaa zote zenye mtoto wa namna hii, na kwa faida ya watu wazima walio na hali hiyo pia.

Meno yanavyopaswa kukutana

Mtu mwenye meno yaliyopangika akiuma kwa magego yake ya nyuma, meno ya mbele ya juu hufunika kidogo meno ya chini, kama vile kifuniko cha chungu kinavyozidi kidogo mdomo wa chungu. Huyafunika kwa milimeta 2 au 3, na huyatangulia mbele kwa milimeta 2 au 3 vilevile. Basi kutangulia kidogo si ugonjwa. Ndivyo alivyopanga Muumba, ili meno ya mbele yakate chakula kama mkasi.

Kosa huwa la namna mbili. Namna ya kwanza, meno ya juu hutokeza mbele sana na kuacha nafasi kubwa kati yake na meno ya chini. Namna ya pili, meno ya juu hushuka sana na kuyafunika yale ya chini, hata meno ya chini hayaonekani tena na huweza kuchoma nyama ya kaakaa. Mtoto mmoja aweza kuwa na namna moja, au zote mbili pamoja.

Mzazi aweza kupima nyumbani. Mwambie mtoto ameze mate, kisha aume kwa magego ya nyuma, pasipo kusukuma taya lake mbele. Mtazame kwa upande. Kijiti cha kiberiti kina unene wa milimeta 2 hivi. Nafasi iliyo kati ya meno ya chini na ukingo wa meno ya juu, ikitosha kijiti kimoja, hakuna neno. Ikitosha vijiti vitatu au kuzidi, yaani milimeta 6 na zaidi, mtoto aonyeshwe kwa mganga wa meno. Ikipita milimeta 9, hali hiyo ni miongoni mwa zile nzito. Kisha mtazame kwa mbele. Usipoona meno ya chini hata kidogo, au mtoto akisema kwamba yanamchoma kaakaa, mwonyeshe vilevile.

Lakini wazazi wasiogope bure. Mtoto wa miaka 7 au 8 akianza kuota meno makubwa ya mbele katika uso wake ambao ungali mdogo, meno hayo huonekana kama si yake, na mara nyingi huwa na mwanya katikati. Katika watoto wengi mwanya huo hujifunga wenyewe chonge zinapoota, karibu na miaka 11 au 12. Uso nao hukua na kuyafikia meno.

Asili ya kosa hili

Sababu ya kwanza ni damu ya jamaa. Mtoto hurithi umbo la mataya kama anavyorithi pua na macho. Mara nyingi si meno ya juu yaliyokwenda mbele, bali ni taya la chini lililobaki nyuma. Mwaka 1899 mganga wa meno Mmarekani, Edward Angle, alipanga makosa ya kuuma katika mafungu matatu, akitazama jinsi magego makubwa ya kwanza yanavyokutana. Hali ya binti wa barua yetu kwa kawaida huwa katika fungu la pili, ambamo gego la chini limekaa nyuma ya mahali pake. Hapo hakuna wa kulaumiwa, si mama wala baba, na wala hakuna haja ya kwenda kwa mfumu kuuliza nani amemroga mtoto.

Sababu ya pili ni kunyonya kidole gumba. Mtoto mchanga akinyonya kidole, hakuna ubaya, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Lakini mtoto anayeendelea saa nyingi mchana na usiku, hata meno ya utu uzima yameanza kuota, kidole chake husukuma meno ya juu mbele na meno ya chini nyuma, kidogo kidogo, kama maji yanavyokula ukingo wa mto. Akiacha mapema, mara nyingi meno hurudi yenyewe. Akichelewa, kosa hubaki.

Hapa wazazi wengi hukosea, maana humpiga mtoto, au humpaka pilipili kidoleni. Mtoto hunyonya kidole kwa sababu anatafuta faraja. Pengine ameachishwa ziwa, mdogo wake amezaliwa, mama yuko mbali, au jamaa imekimbia vita na kulala ugenini. Ukimpiga unaongeza huzuni ileile inayompeleka kwenye kidole chake. Afadhali umpe kazi ya mikono, umsifu kila siku aliyoshinda, na usiku umvike soksi safi mkononi kwa mapatano naye. Mtoto wa miaka 5 au 6 anayeelezwa kwa upole huweza kuwa na nia ya kushinda.

Sababu ya tatu ni kupoteza meno ya maziwa kabla ya wakati. Meno ya maziwa ni 20. Wazazi husema: «Ya nini kuyatunza? Yataanguka.» Lakini magego ya maziwa hulinda nafasi ya meno yatakayokuja mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Yakioza na kung'olewa mapema, meno jirani husogea kuziba pengo, na yale mapya hukosa njia, hutoka yamepinda au yamesongamana. Vilevile tunawaonya wazazi juu ya desturi mbaya ya kuchimba fizi za mtoto mchanga ili kutoa yale yanayoitwa «meno ya plastiki» au «ibyinyo», eti ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Hayo si ugonjwa. Ni vichipukizi vya meno yenyewe. Kuyachimba huharibu meno yatakayofuata, na watoto wengine wamekufa kwa kutoka damu au kwa uchafu ulioingia kidondani.

Kwa nini tusipuuze

Mtu aweza kusema: «Mababu zetu walikuwa na meno yaliyotokeza, nao walikula na kuzeeka.» Ni kweli. Hali hii haiui, na walio nayo kidogo hawahitaji dawa yo yote. Lakini inapokuwa kubwa ina madhara mawili ya mwili na moja la roho.

La kwanza ni kuvunjika. Meno yanayotangulia ndiyo yanayogonga chini kwanza mtoto anapoanguka kisimani, katika mpira au kwenye baiskeli. Midomo haiyakingi. Kwa hiyo kila mzazi na kila mwalimu ajue jambo hili: jino la utu uzima likitoka lote zima, laweza kurudishwa. Lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kwa sekunde chache katika maji safi au maziwa, wala usilisugue. Lirudishe mahali pake, na mtoto aume kitambaa safi. Usipoweza kulirudisha, litie katika maziwa, na mtoto apelekwe kwa mganga wa meno upesi, ikiwezekana kabla ya saa moja kwisha. Jino la maziwa lisirudishwe kamwe.

La pili ni vidonda. Meno ya chini yanayogusa kaakaa hujeruhi nyama na fizi, na baada ya miaka mingi meno ya mbele huweza kulegea.

La tatu ni aibu, na barua ya baba huyu imelieleza vizuri kuliko sisi.

Dawa kwa mtoto

Kuyapanga meno si kazi mpya. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika kitabu juu ya uganga wa meno, na ndani yake alieleza jinsi ya kuyanyosha kwa kibamba cha madini na nyuzi. Mfupa wa taya si jiwe. Jino likisukumwa polepole kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa ulio mbele yake huyeyuka na mfupa mpya hujengwa nyuma yake, nalo jino husafiri. Nguvu kubwa ya ghafula huua mzizi, lakini nguvu ndogo ya kila siku hulihamisha.

Kwa mtoto anayekua kuna msaada mwingine. Wakati wa kukua haraka, ambao kwa wasichana huja mara nyingi kati ya miaka 10 na 12, na kwa wavulana mwaka mmoja au miwili baadaye, taya la chini nalo huongezeka. Mganga aweza kumpa mtoto chombo cha kuvaa kinywani kinachomlazimisha kuuma taya likiwa mbele. Kimojawapo ni kile kilichobuniwa na Mskoti William Clark mwaka 1977, chenye vibamba viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinavyokutana kwa mteremko. Mtoto hukivaa usiku na mchana, na mara nyingi baada ya miezi 9 au 12 nafasi ile imepungua sana. Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi.

Je, tuanze mapema zaidi, akiwa na miaka 7 au 8? Waganga wamelichunguza neno hili kwa kulinganisha watoto walioanza mapema na wale walioanza katika ujana. Mwisho wa dawa, meno ya makundi yote mawili yalikuwa sawasawa. Faida moja tu ilionekana upande wa walioanza mapema: meno yao ya mbele yalivunjika mara chache zaidi. Basi mtoto atazamwe na mganga karibu na miaka 7, lakini si lazima kila mmoja aanze dawa wakati huo.

Baada ya chombo hicho, au pasipo chombo hicho, mganga huweza kubandika vifungo vidogo juu ya kila jino na kuviunganisha kwa uzi wa chuma. Kazi hiyo huchukua mara nyingi miezi 18 hadi 24. Mtoto hurudi kwa mganga kila baada ya majuma machache, naye hupiga mswaki kwa bidii kuliko wenzake, maana chakula hujificha katika vifungo na kuozesha meno. Vifungo vikiisha kutolewa, huvaa chombo cha kushikilia, hasa usiku, kwa miaka mingi. Asipokivaa, meno hukumbuka njia yao ya zamani na kurudi.

Hapa kuna neno moja la kuwapa watu nuru juu ya kung'oa. Wakati mwingine mganga wa kupanga meno hung'oa meno mawili ya juu, lakini si yale ya mbele. Hung'oa yale madogo yaliyo nyuma ya chonge, moja kila upande, ili apate nafasi ya kuyarudisha ya mbele nyuma. Kung'oa huko ni mwanzo wa kazi iliyopangwa. Kung'oa kwa shauri la jirani ni kuharibu tu.

Dawa kwa watu wazima

Kijana wa miaka 25 au mama wa miaka 40 aweza kusema kwamba wakati wake umepita. Haukupita wote. Meno ya mtu mzima yaweza kuhamishwa, kama fizi na mfupa ni wazima, ingawa kazi huenda polepole zaidi. Lililopita ni kukua kwa taya. Kwa hiyo kosa likiwa la meno, vifungo hutosha. Likiwa kubwa na la mataya, njia hubaki mbili: kuyasogeza meno ili kulificha kosa, au kulipasua taya na kulisogeza mbele. Upasuaji huo ni kazi ya hospitali kubwa yenye wataalamu, wala haufanywi kwa neno dogo.

Lakini mtu mzima ambaye meno yake yalipangika vema tangu utoto, kisha akaona kwamba yanaanza kutokeza na kuachana, ajue kuwa hilo ni neno jingine. Mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, ambao umekula mfupa unaoyashika meno. Dalili zake ni fizi kutoka damu, harufu mbaya ya kinywa na meno kulegea. Wenye ugonjwa wa sukari hupatwa nao zaidi. Huyo asitafute vifungo kwanza. Atafute dawa ya fizi upesi, kabla meno hayajaanguka.

Mambo ya kukataa

Vijana wengine hujifunga mipira midogo ya elastiki kwenye meno mawili ya mbele ili yakaribiane. Msifanye hivyo kamwe! Mpira huo huteleza chini ya ufizi, hupanda mzizi pasipo kuonekana na kukata kila kinacholishika jino, hata jino zima huanguka. Wengine hununua sokoni vifungo vya pambo vinavyobandikwa kwa gundi. Hivyo navyo vyaweza kuharibu meno na fizi. Tena asiwepo mtu wa kuyapunguza kwa tupa. Jino lililokatwa halirudi.

Tunajua kwamba katika nchi yetu waganga wa meno ni wachache, na wengi wako mijini, na wale wenye ujuzi wa kuyapanga ni wachache zaidi. Tunajua pia kwamba dawa hii ni ya gharama. Hatumwambii mtu auze shamba linalolisha watoto sita ili anyoshe meno ya mmoja. Jamaa isiyoweza kulipa ifanye yale yasiyogharimu sana: kumwachisha mtoto kidole kwa upole, kumsimamia apige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye fluo, kupunguza peremende na vinywaji vya sukari, na kuyatunza meno ya maziwa kama akiba ya meno yajayo. Mtoto mwenye hali kubwa aonyeshwe kwa mganga walau mara moja kabla hajafika miaka 12, ili wazazi wajue kama ni lazima au si lazima. Kujua huko huwapa nafasi ya kuweka fedha kidogo kidogo.

Neno kwa wanafunzi

Mwaka 249, mjini Aleksandria katika Misri, watu wenye ghasia walimkamata Apolonia, bikira mzee, wakampiga mataya hata meno yake yote yakavunjika, kwa kuwa hakutaka kumkana Kristu. Kanisa humkumbuka tarehe 9 Februari, na waganga wa meno humwita msimamizi wao. Yeye Mungu hakumpokea kwa sababu ya uzuri wa kinywa chake, bali kwa sababu ya maneno yaliyotoka ndani ya kinywa hicho.

Basi ninyi wanafunzi mnaomwita mwenzenu jina la mnyama, jihukumuni. Meno yake hakuyachagua, lakini maneno yenu mnayachagua ninyi wenyewe. Ninyi mnaoungama kila mwezi, je, dhambi hiyo mmeiungama? Na walimu wasicheke darasani jina hilo linapotajwa, maana kicheko cha mwalimu ni ruhusa kwa darasa zima.

Baba mpenzi, tunarudi kwako. Binti yako ana miaka 11, nao ni wakati mzuri, maana taya lake lingali linakua. Chukua vijiti vyako vya kiberiti upime. Nafasi ikiwa vitatu au zaidi, fanya safari ya mjini mwaka huu, usingoje miaka mitatu. Nenda na mama yake, mwulizeni mganga wa meno maneno matatu: kosa ni la meno au la taya? Dawa itachukua muda gani? Tutalipa kwa mara ngapi? Kabla ya safari nenda ukamwone mwalimu wake juu ya lile jina. Kisha umwambie binti yako kwa kinywa chako mwenyewe kwamba hutamng'oa meno, na kwamba siku ya Dominika wewe na mama yake mnataka kuisikia sauti yake katika kwaya.